Kiazi cha Mshahara

Huko Rwanda, nchi ya vilima elfu, Mama Fuko alilima tangu alfajiri hadi magharibi, viazi vyote akavila na wanawe. Kila hesabu ilipopita, Karani Korongo alimwandika katika nguvukazi bila swali. Nani angezihoji kucha zilizosagika vile?

Kisha mbayuwayu wakarejea kutoka Ulaya. Oktoba 2013, walisimulia, watakwimu wa kazi walikutana Geneva wakaafikiana: anayelima ili ale mwenyewe anafanya kazi, lakini hana ajira. Ajira ni ya malipo au faida. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Ukimwita mwajiriwa kila anayejichimbia mizizi kwa kukosa mshahara, uhaba wa ajira utauona wapi?

Mwaka 2016 Korongo akaja na daftari jipya.

“Hodi, Mama Fuko.”

“Karibu, mwanangu.”

“Siku saba hizi umefanya kazi ya malipo, walau saa moja?”

“Nimelima zote saba.”

“Umeuza?”

“Tumekula.”

“Unatafuta ajira?”

“Saa ngapi, nami nalima?”

Korongo akamfuta. Sungura, aliyelala kivulini wiki nzima, aliamka Ijumaa akamnyoa Kondoo kwa saa moja, akalipwa: mwajiriwa. Kima hakugusa jembe, ila alishamwomba Tembo kazi na yu tayari kuanza: hana ajira, lakini nguvukazini yumo.

Baraza lilipokaa, nguvukazi ilikuwa imenywea. Mfalme Simba (ukoo wake ulirejeshwa Akagera mwaka 2015, kutoka Afrika Kusini, kwa hiyo ya kilimani bado hayajui) akauliza ni tauni gani iliyopita.

Mama Fuko akamwita Nungunungu, aliyefutwa pia. “Jirani, lima kwangu nikulipe kiazi. Kesho nalima kwako, unanilipa kilekile.”

Korongo akaandika waajiriwa wawili. Wengine wakaiga, na kufikia mavuno kiazi kimoja kilikuwa kinazunguka kilima kizima, kimeanza kuchipua. Simba akatangaza ustawi wa ajira, ngoma zikapigwa.

Usiku huo kitindamimba wa Mama Fuko akasikia njaa, akakila.

Asubuhi Korongo akawakuta wote wameinama vichakani.

“Mnatafuta ajira?”

“Tunatafuta kiazi,” akajibu Nungunungu. “Tuandike unavyoona.”