Heko kwa Asiyejua Asome Nini

Kila ukoo una mjomba anayeuliza vijana watasoma nini chuoni, na una kijana mmoja anayejibu kwamba bado hajajua. Binamu zake wametaja udaktari, sheria, uhandisi wa mafuta na gesi, wakapigiwa makofi. Yeye hupewa pole kana kwamba kafiwa. Mimi nasema apewe kiti cha mbele, kwa kuwa katika kikao kizima ndiye pekee aliyelijibu swali kwa ukweli. Binamu wa mafuta na gesi hajawahi kukanyaga mtamboni wala kuongea na mtu afanyaye kazi hiyo; alichotaja ni jina la mshahara.

Hebu tuangalie swali lenyewe linaulizwa lini. Mwanafunzi wa Tanzania hujaza Selform, fomu ya machaguo ya masomo, akiwa bado kidato cha nne, mtihani wa taifa haujafanyika, na papo hapo huchagua tahasusi, yaani mchepuo wa kidato cha tano na sita, itakayomfungulia au kumfungia milango ya chuo kikuu. Akishika HGL (historia, jiografia na Kiingereza), udaktari ameshauaga, pengine akiwa na miaka kumi na saba. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49 juu ya zile 16 za zamani, zikawa 65. Wapo walioamini wingi huo utamtibu msitaji, huyo asiyejua asome nini. Kumbe amepandishwa cheo: jana alisita kati ya hisabati ya PCM na baiolojia ya PCB, leo uwanja wake ni mpana kuliko wa waziri yeyote. Na serikali humheshimu kuliko mjomba, maana matokeo yakitoka, TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, humfungulia mfumo abadili machaguo. Kenya nako KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, huwapa waombaji nafasi ya kurekebisha kozi walizoomba. Dola haihangaiki hivyo kwa ajili ya watu wasiokuwepo. (Mwenye steshenari jirani na shule, anayetoza kila anapobofya, naye ana sababu zake za kumwombea msitaji maisha marefu.)

Marekani wamekwenda mbele zaidi, wakamfanya msitaji kuwa mwanafunzi halali. Vyuo vingi vya huko humpokea mtu asiye na kozi kuu, vikamwacha aonje masomo mpaka kwenye mwaka wa pili ndipo aitangaze. Matokeo yake ni fundisho. Takwimu za wizara yao ya elimu kuhusu walioanza chuo mwaka wa masomo 2011/12 zinaonyesha kwamba, ndani ya miaka mitatu, kama asilimia 30 ya waliokwisha kutangaza kozi walikuwa wameibadili walau mara moja. Kati ya walioanza na hisabati, waliohama walikuwa asilimia 52. Yaani hata watu ambao tungewategemea kupiga mahesabu vizuri, zaidi ya nusu waliikosea hesabu hii. Kwa hiyo tofauti kati ya msitaji na mwamuzi mara nyingi ni ya tarehe tu: mmoja amesita kabla ya kujaza fomu, mwingine baada ya kulipa ada.

Wazee watanijibu kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sawa, ila asiyeshika hata moja hana cha kumponyoka, na katika hilo msitaji wetu yuko salama kabisa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wote wakisita, nani atatutibu? Anayejua kwa hakika aende zake, tena haraka, simzuii. Ila tusimhesabu humo kijana aliyesukumwa. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, alipelekwa Edinburgh mwaka 1825 asomee udaktari kama baba yake, akaukimbia ukumbi wa upasuaji, enzi ambazo mgonjwa alipasuliwa akiwa macho. Akahamishiwa Cambridge ili awe kasisi, napo hakuwa. Darwin mmoja hahalalishi uvivu wa maelfu, nakubali. Lakini wagonjwa wa Uingereza nao walinusurika na daktari asiyeweza kutazama damu, na faida hiyo haiandikwi popote.

Pingamizi la tatu ni la fedha, na hapa kejeli inaniishia kidogo. Ada haisubiri mtu ajijue, na mzazi aliyeuza ng'ombe hana mwaka wa pili wa kumlipia mtoto anayeonja. Ni kweli. Swali ni kama kuharakisha kunaokoa fedha hiyo. Mchumi Ofer Malamud aliwalinganisha wahitimu wa England, ambako mtu huomba chuo akiwa tayari na fani yake, na wa Scotland, ambako huanza na masomo mapana na kubobea baadaye. Waliobobea mapema ndio walioelekea zaidi kuingia kazi zisizohusiana na walichosomea, ingawa walikuwa wamekisomea kwa muda mrefu zaidi. Ng'ombe aliuzwa vilevile, ila hasara ilionekana baada ya mahafali. Na ni hukohuko Scotland, Edinburgh, Julius Nyerere alisoma kuanzia 1949 hadi 1952 kwa shahada iliyochanganya uchumi, historia, falsafa, anthropolojia na fasihi ya Kiingereza, mkusanyiko ambao mjomba wa leo angeuuliza una ajira gani.

Sifa hizi, hata hivyo, si za kila asiyeamua. Yupo anayesita huku akihudhuria vipindi vya watu, akisoma vitabu vya fani tatu, akimsumbua mhandisi wa halmashauri kwa maswali. Huyo ndiye ninayemsifia. Yupo na mwingine anayesita akiwa amelala, simu kifuani, akisubiri fani imfuate kitandani. Huyo naye ana watetezi, lakini wanalala vilevile, ndiyo maana makala yao haijaandikwa.