Ndondocha Mwenye Damu ya Mlenda

Jana jioni, mbele ya mwenye nyumba na umati wa watoto waliotoka kijiji kizima cha Mpitimbi kutafuta hofu, damu ya filamu yetu iligeuka kijani. Ndondocha alikuwa amekwisha kukatwa panga la shingo, na alikatwa vizuri tu. Akaegemea ukuta, akateleza taratibu, akaacha mchirizi mwekundu wa kutisha. Sijasimamisha kamera, mchirizi ukawa zambarau, ukawa bluu, ukatulia kwenye rangi ya mlenda. Bibi mmoja akauliza marehemu alikuwa amekula nini.

Damu ya filamu ni elimu nzima, jamani. Ya kweli haifai: inaganda, inanuka, ikikauka inakuwa kahawia. Isaac Nabwana wa Kampala, aliyetoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, alianza na damu ya ng'ombe, kisha akahamia rangi ya chakula iliyojazwa kwenye kondomu, ambazo hupasuka kwa heshima zote. Hitchcock naye kwenye Psycho, mwaka 1960, alimwaga sharubati ya chokoleti. Filamu haikuwa ya rangi, nani angejua? Sisi tunapiga kwa simu, na simu inaona kila kitu.

Yetu ni uji mwepesi wa sembe, sukari ya kuupa mng'ao, na rangi ya dukani. Rangi iliishia kwa mhanga wa kwanza, tukachemsha choya. Na choya ni nyekundu kweli, ila wekundu wake unaishi ndani ya uchachu. Kile kinachoipa rangi, anthosiani, kikikutana na magadi, majivu au sabuni kinahama chama palepale. Ukuta wetu ulikuwa umepakwa chokaa asubuhi hiyohiyo ili ung'ae gizani, na mbele ya chokaa mbichi magadi ni mtoto mdogo. Nikaagiza limau, nikakamulia ukutani: wekundu ukarudi! Nikakamulia jingine, nikarudia pembeni, nikawaita watoto waone. Ndondocha, bado amelala na shingo yake wazi, akauliza kama chakula kipo.

Mwenye nyumba anadai ukuta upakwe upya.

Mengine ni ya kawaida. Mvua ilipiga bati ikameza mayowe yote. Jini letu lilikwenda kupalilia mahindi, halikurudi.

Ninachoshindwa kucheka ni soko. Mnunuzi mmoja wa Dar aliniambia filamu za kutisha haziuzi Bongo, niweke mapenzi. Utadhani Mussa Banzi hakuwahi kutuletea Nsyuka na Shumileta, na sisi hatukuwahi kulala taa zinawaka. Kumbe zinauzwa, ila si na sisi. Kijana mmoja wa mjini Songea anajaza filamu kwenye flashi, na yetu ya kwanza alikuwa nayo kabla hatujaionyesha popote. Watu walijitolea usiku kucha, wengine wakaugua mafua kwa ajili yake, na yeye gharama yake ni umeme wa kompyuta. Nilikwenda kugombana, nikakuta foleni. Zamu yangu ilipofika nikalipa shilingi 500, nikachukua filamu yangu. Akaniahidi sehemu ya pili ikitoka ataniwekea bure, maana nimeshakuwa mteja.