Kila Mtu ni Fundi Rangi

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina mafundi rangi wangapi, usihangaike na takwimu. Chukua Peugeot 404, ikwangue rangi hadi bati libaki linang'aa, iegeshe nje ya nyumba, kisha kaa barazani. Watakuja wenyewe. Atakuja mwenye duka la vocha, atakuja dereva wa bodaboda, atakuja mjumbe aliyetoka kudai mchango wa ulinzi na hapohapo akasahau kuudai. Wote watalizunguka gari mikono nyuma, watagonga bodi kwa kidole, watatikisa kichwa, halafu watauliza swali lilelile: "Unapiga rangi gani?"

Hakuna anayeuliza praima gani. Ugomvi wangu na mtaa huu unaanzia hapo.

Gari lenyewe si la kuchezea. 404 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, ambaye aliamua gari la familia linastahili kuwa na mapezi nyuma. Safari Rally imeichukua mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7, na aliyetangulia, Nick Nowicki, alikuwa ndani ya 404. Ule ushindi wa 1966 na 1967 ulikuja kabisa nyumbani, kwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Sasa gari la ukoo huo, jirani yangu ananishauri nilipige rangi ya lulu, eti kama Harrier ya shemeji yake.

"Itauzika haraka, Baba Neema."

"Siuzi, jirani."

"Hata kama huuzi. Liwe linauzika."

Nimemwacha. Turudi kwenye praima, kwa sababu hapo mafundi wangu watatu karibu wang'oane meno.

Wa kwanza ni wa redoksaidi. "Mzee, hii ndiyo baba wa praima zote. Mageti yote mjini humu yamepakwa hii." Nikamwambia geti halipiti Jangwani siku ya mafuriko. Hakucheka. Tatizo la redoksaidi ya kawaida, ile ya kopo moja isiyo na hadina, ni kwamba ina vinyweleo: inakunywa maji. Gari likilala nje na praima tupu msimu wa masika, maji yanapenya hadi kwenye bati na kutu inaanza kazi chini kwa chini. Na ujanja wake ni huu: praima nyekundu, kutu nayo nyekundu. Unaweza kuliangalia gari lako linaoza kila asubuhi huku ukimsifu fundi.

Wa pili ni wa praima ya asidi. "Hii inang'ata bati, mzee wangu. Haitoki." Na ni kweli, inang'ata, ina asidi ya fosforasi, na kwenye bati tupu au alumini inashika vizuri sana. Lakini mwenzangu huyu alikuwa tayari ameshachota puti, anataka kuipaka juu yake moja kwa moja. Puti ya polyesta na asidi haziivi chungu kimoja. Asidi inaiharibia hadina kazi yake, puti haikomai sawasawa, na baada ya muda inaanza kuachia. Nilipomweleza akanitazama kwa huruma nyingi. "Mzee," akasema, "hayo umesoma." Gereji zetu hazina tusi kubwa kuliko hilo.

Wa tatu ni wa epoksi, na huyu ndiye mwenye haki. Praima ya epoksi ni ya kuchanganya, kopo na hadina yake. Inaziba bati lisipitishe maji, na puti unaweza kuiweka juu yake bila ugomvi. Bahati mbaya fundi huyu naye anajua kwamba ana haki, kwa hiyo kukaa naye ni mtihani. Kila nikifungua mdomo ananirekebisha. Bei ya kopo aliitaja akiwa ameangalia pembeni, kama daktari. Halafu akanitajia sharti: epoksi ina muda wake. Ukichelewa kupiga tabaka linalofuata, inakomaa na kuwa ngumu mno, na lazima uikwangue tena kwa msasa ndipo tabaka jipya lishike. Maana yake fundi anatakiwa aje siku aliyosema atakuja. Wenye kiwanda waliotunga sharti hilo hawajawahi kusubiri fundi hapa mjini.

Huku tukibishana, bati liko wazi na pwani iko palepale. Bati tupu kwenye hewa ya bahari haliombi ruhusa. Linaanza kubadilika rangi hata kabla hujamaliza kunawa mikono. Na wale washauri wangu wa kugonga bodi kwa kidole? Jasho lina chumvi. Kesho yake nilikuta alama za vidole zimeota kutu kwenye boneti, zimechoreka vizuri hata polisi wangezitumia. Kidole gumba cha mjumbe nakijua sasa. Nimeweka kamba kuzunguka gari. Wanainama, wanapita chini yake, wanagonga.

Kuhusu puti, waliolimiliki gari hili kabla yangu Mungu anawaona. Nilizungushia sumaku kitambaa ili isikwaruze, nikaipitisha mlango wa nyuma kushoto, ikaanguka chini kwa kishindo. Mlango mzima ni puti, bati limebaki kwa heshima tu. Chini ya nyeupe tulikuta bluu, chini ya bluu kijani kibichi cha ofisi ya serikali, na chini kabisa, nyeupe tena. Kila aliyelipata gari hili alikuwa na maoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na epoksi.

Sasa hiyo rangi inayowanyima watu usingizi. Mimi nataka nyeupe iliyotoka nayo kiwandani, basi. Hata kadi ya gari inasema nyeupe, na sina hamu ya kupanga foleni ya kubadilisha kadi kwa ajili ya Harrier ya shemeji wa mtu. Nikaenda dukani, nikaomba nyeupe. Muuzaji akanifungulia kitabu: nyeupe inayoelekea njano, nyeupe inayoelekea bluu, nyeupe ya maziwa, nyeupe ya barafu. Nikampa kipande cha bodi. Mashine yao ikakisoma na kutoa rangi sahihi kabisa ya kipande hicho, yaani nyeupe iliyopigwa jua miaka mingi. Sampuli unatakiwa kuitafuta mahali jua halijawahi kufika, chini ya kiti cha nyuma au nyuma ya dashibodi. Hilo muuzaji alinieleza baada ya kupokea hela.

Kwa kweli nawaonea wivu walionunua Ford Model T kati ya 1914 na 1925. Ilitoka nyeusi tu. Unalipa, unaondoka, jirani hana la kusema. Balaa waliliingiza DuPont, walipoleta Duco mwaka 1923: rangi ya nitroselulosi inayokauka kwa saa chache, wakati zile za zamani zilikuwa zinachukua wiki. General Motors wakaipiga kwenye Oakland za 1924, za bluu, na tangu hapo kila mwenye gari akajiona msanii. Duko yenyewe bado ina wapenzi mjini humu, kwa sababu inakauka upesi na haina masharti ya hadina. Lakini ipulize siku yenye unyevu uone: thina inakimbia haraka, inaupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua papo hapo, na kazi yako inatoka na ukungu mweupe. Kwa gari jeupe mtu anaweza kusema hakuna hasara. Fundi wa pili alisema hivyohivyo.

Tumekubaliana 2K, yaani rangi ya kuchanganywa na hadina, tupu isiyo na chenga. Jua la hapa linataka thina ya polepole, la sivyo rangi inakauka hewani kabla haijatua na uso unakuwa wa vinundu. Vijana wanaoosha magari jirani yetu nao wamepigwa marufuku kupulizia dashibodi za wateja wao upande wetu, maana yale mafuta ya kung'arisha yana silikoni, na tone likitua kwenye bodi, rangi inakimbia hapo na kuacha kishimo. Wamekubali kwa masharti kwamba mimi ndiye nitakuwa nawanunulia chai.

Kilichobaki ni pua ya fundi. Hadina ya 2K ina isosayaneti, kitu kinachoweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na wanaojua kazi hupuliza wakiwa wamevaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Mtaalamu wangu wa epoksi, mwenye majibu ya kila kitu duniani, amejifunga fulana puani. Nikamuuliza kuhusu barakoa.

"Nakunywa maziwa, mzee. Maziwa yanasafisha."

Maziwa yanakwenda tumboni, sumu inakwenda mapafuni. Nimemwambia bila barakoa bomba halishikwi kwenye gari langu, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akakosa la kunirekebisha. Gharama ya barakoa, bila shaka, imeongezwa kwenye hesabu yangu.

Ombi langu la mwisho ni kwa wauza rangi. Najua si kila mteja anaweza kununua kopo zima, na kupimiwa kidogokidogo kumetusaidia wengi. Lakini mnatupimia praima kwenye chupa za maji, hadina kwenye chupa za soda, thina kwenye chupa nyingine za maji, zote hazina hata herufi moja, kisha mnatuambia "changanya tu, inakubali." Nusu haikubali, na nyumbani kuna watoto wenye kiu. Andikeni kwenye chupa ni kitu gani, ni cha kampuni gani, na kinachanganywa na nini kwa kipimo kipi.