Barua ya Wazi kwa Wagawa Mirathi ya Dubu

Kwa Waheshimiwa Makamishna Saba,
Tume ya Wanyamapori na Samaki,
Jimbo la Wyoming, Marekani.

YAH: PONGEZI KWA KANUNI ZENU ZA KUMSIMAMIA DUBU ALIYEPONA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Najua swali la kwanza litakuwa hili: huyu wa Afrika Mashariki ametokea wapi? Sina kura Wyoming, sina ng'ombe huko, wala sijawahi kuchangia hata senti kwenye mfuko wenu. Lakini mwaka 2018 mlipofungua bahati nasibu ya leseni za kumwinda dubu wa grizli, waliojitokeza kuomba walizidi 7,000, na miongoni mwao alikuwemo Jane Goodall, yule bibi wa sokwe wa Gombe, Kigoma. Aliomba si ili apige, bali ili leseni ikikaa kwake ikae salama. Basi kama mwenyeji wetu wa Kigoma alikubaliwa kuomba kibali cha risasi, naamini nami nitakubaliwa kuleta barua.

Nianze na pongezi, na hizi ni za dhati. Kabla walowezi hawajafika, majimbo ya magharibi ya Marekani yalikuwa na dubu hao wanaokadiriwa kufikia 50,000. Walipoanza kulindwa na serikali kuu mwaka 1975, walikuwa wamebaki chini ya 1,000 nje ya Alaska, na eneo zima la Yellowstone lilikadiriwa kuwa na 136. California walikuwa wameshammaliza, wakabaki naye kwenye bendera. Leo eneo la Yellowstone peke yake linahesabiwa dubu wapatao 1,000. Na huyu si sungura. Jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano, sita hivi, kisha hukaa na watoto wake miaka miwili au mitatu kabla ya kubeba mimba nyingine. Kumrudisha mnyama wa namna hiyo ni kazi ya miaka 40 na zaidi, na jimbo lenu linasema limetumia zaidi ya dola milioni 50. Mnastahili heshima, na heshima hiyo mmeipata.

Kinachonishangaza ni kasi iliyofuata. Dubu wa Yellowstone aliondolewa kwenye orodha ya ulinzi katikati ya mwaka 2017. Tarehe 23 Mei 2018 mlikuwa mmeshapiga kura, saba kwa sifuri, kwamba awindwe. Hata mwaka haukuisha! Huku kwetu hati ya kiwanja haitoki kwa mwendo huo.

Na mlikuwa mmeshagawana. Katika makubaliano ya majimbo matatu, idadi ya dubu wanaoruhusiwa kufa iligawanywa kwa asilimia: Wyoming 58, Montana 34, Idaho 8. Huku kwetu mirathi hugawanywa baada ya mazishi. Ninyi mmeita warithi, mmepiga hesabu ya mafungu na kutia saini, wakati marehemu mwenyewe yuko juu ya milima ya Absaroka anafunua mawe na kula nondo. Wakati wa kiangazi dubu mmoja anaweza kula hao nondo 40,000 kwa siku, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kuhudhuria kikao. Montana walilitazama fungu lao wakaliacha. Idaho, kwa asilimia yao 8, walipata dubu mmoja, wakamtangazia leseni moja, na watu zaidi ya elfu moja wakaigombea.

Fungu lenu lilikuwa nono. Dubu hadi 22: 10 ndani ya eneo la kuhesabia, yaani pale wataalamu wanapowahesabu dubu, na 12 nje yake. Mkazi wa Wyoming angelipa dola 600, mgeni dola 6,000. Nimechukua kalamu. Leseni zote 22 zikinunuliwa na wakazi, mnapata dola 13,200. Ukiziweka kando ya ile milioni 50, unaanza kuelewa kwamba hapa fedha haikuwa hoja, ingawa ilisemwa sana kwamba wawindaji ndio wanaolipia hifadhi.

Kanuni zenyewe nilizisoma kwa furaha. Ndani ya eneo la kuhesabia, wawindaji wangeingia mmoja mmoja, kila mtu na siku zake 10. Jike mwenye watoto haguswi. Jike mmoja akiuawa, uwindaji humo unafungwa. Ni kanuni za watu makini, sikatai. Sasa mtazameni mwindaji wenu jioni ya Septemba: yuko ng'ambo ya bonde, jua liko machoni, na mbele yake kuna mnyama wa kahawia ameinamia mizoga au matunda, mgongo una nundu, kichwa hakionekani. Jike asiye na watoto na dume kijana, kwa umbali huo, hata mabingwa hubahatisha. Na jike mwenye watoto anaweza kuwa amewaacha vichakani hatua chache tu. Ilibaki mwindaji apaze sauti: samahani, ni bwana au ni bibi, na una familia?

Bahati nasibu nayo ilikuwa na ucheshi wake. Namba 8 ilimwangukia Thomas Mangelsen, mpiga picha wa wanyama anayeishi huko huko Jackson Hole, ambaye alisema waziwazi kwamba siku zake 10 atazitumia akiwa na kamera.

Hakuzifikia. Tarehe 24 Septemba 2018 Jaji Dana Christensen wa mahakama ya serikali kuu mjini Missoula, Montana, alimrudisha dubu kwenye ulinzi, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Mlikasirika, mkasema majaji wanahamisha goli kila mpira ukikaribia. Mwaka 2019 wabunge wenu walifika mbali zaidi: walipitisha sheria ya kuwaruhusu mfungue uwindaji hata serikali kuu ikiwa imekataa. Sheria hiyo ninyi hamkuitumia, na kwa hilo nawavulia kofia.

Lakini jaji alisema nini hasa? Hapa naomba subira yenu, maana ndipo utamu ulipo.

Dubu hahesabiwi kwa kupangwa foleni. Wataalamu walikuwa wakihesabu majike walioonekana na watoto wa mwaka huo, na ili wasihesabu familia moja mara mbili, walijiwekea kanuni: familia mbili zikionekana ndani ya kilomita 30, na hakuna ushahidi wa kuzitofautisha, zichukuliwe kuwa moja. Ilikuwa hesabu ya mtu mwoga, na uoga huo ulikuwa wa busara mnyama alipokuwa akichungulia kaburi. Dubu walipoongezeka, kanuni hiyo ikawa inawameza. Basi wataalamu wakapunguza umbali hadi kilomita 16 na kubadilisha namna ya kukokotoa, na makadirio yakapanda kutoka 700 na ushei hadi zaidi ya 1,000. Kisayansi hawakukosea. Ila dubu wapatao 300 walizaliwa ndani ya kompyuta, bila mama na bila pango.

Jaji aliliona hilo kabla halijatokea. Alisema: mkibadilisha kipimo, badilisheni na kiwango mlichoapa kutoshuka chini yake, vinginevyo dubu wa kwenye karatasi watageuka leseni za kuua dubu wa porini. Majimbo yalikuwa yamekataa kutoa ahadi hiyo. Baadaye mliiandika, nashukuru. Ilihitaji tu jaji mmoja na mahakama moja ya rufaa.

Hoja yake nyingine ilikuwa damu. Dubu wa Yellowstone wametengana na wenzao wa kaskazini, kule Hifadhi ya Glacier, kwa makumi ya kilomita tu za mashamba, barabara na bunduki. Julai 2024 Montana ilimleta jike kijana Yellowstone na ninyi mkampokea dume kijana upande wenu, wote wawili kutoka kaskazini, kwa gari, ili damu ichanganyike. Ni kazi nzuri na ya adabu. Ila mtu akishindwa kutembea kwenda kuoa mpaka abebwe na serikali, sijui kama daktari angemwandikia cheti cha kupona.

Waheshimiwa, sasa niweke kejeli pembeni kidogo. Sisi tunaoishi na tembo na simba hatuna ruhusa ya kumcheka mfugaji wenu wa bonde la Upper Green River anayeamka akakuta ndama amepasuliwa. Septemba ile ile ya 2018, mwongozaji wa wawindaji aliuawa na dubu katika jimbo lenu, na nyumba yake haikuhitaji makala ya mtu wa mbali. Tanzania ina maneno ya kiserikali kwa mambo haya: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Mara nyingi huchelewa, na kiasi chake hakifuti hata jasho la safari ya kukifuata. Ninyi ndama mmoja aliyethibitishwa kuliwa na dubu mnaweza kumlipia hadi mara tatu na nusu, kwa kutambua kwamba porini mizoga mingine haionekani kamwe. Hapo nawapigia makofi kwa mikono miwili, na natamani kanuni hiyo ipande ndege ije Dodoma na Nairobi.

Ndiyo maana sielewi kwa nini kanuni iliyowapa umaarufu ni ya leseni 22.

Nendeni kwa jirani zenu Montana muulize maofisa wa dubu wanashinda wapi. Watawapeleka kwenye banda la kuku. Mtu amehamia kutoka mjini, amenunua ekari zake mbili chini ya mlima, ameweka kuku 12 na gunia la chakula mlangoni. Dubu anapita usiku, anang'oa ubao mmoja, anakula. Kesho anarudi, maana hajawahi kupata chakula kirahisi namna hiyo. Maofisa wanaleta mtego: bomba kubwa la bati juu ya magurudumu, ndani mna nyama ya paa aliyegongwa na gari. Dubu anaingia, mlango unashuka, anachomwa sindano ya usingizi, anafungwa kola, anahamishwa. Akirudi tena kwenye kuku, anauawa. Nyaya chache za umeme kuzunguka banda zingemaliza kesi nzima: dubu huanza kuchunguza kwa pua, pua yake ina unyevu, na akishaguswa mara moja huhesabu banda hilo kuwa lina mwenyewe.

Mwaka 2024 dubu zaidi ya 70 walijulikana kufa katika eneo la Yellowstone, wengi wao kwa mikono ya watu, na hakuna leseni hata moja iliyokuwa imeuzwa. Mmoja wao alikuwa yule jike mashuhuri, namba 399, aliyetokeza mwaka 2020 na watoto wanne kwa mpigo akiwa na miaka 24. Aligongwa na gari barabarani kusini mwa Jackson, Oktoba 2024, akiwa na miaka 28. Gari haliombi kibali kwenye tume yoyote.

Mliomba dubu aondolewe tena kwenye orodha, na Januari 2025 serikali kuu iliwajibu kwamba abaki kwenye ulinzi. Mwaka huo huo kukawa na muswada Washington unaotaka uamuzi wa 2017 urudishwe, na mahakama zikatazwe kuutazama. Hiki kifungu cha pili ndicho kinanitia wasiwasi. Mtu anayejua kuwa hesabu yake ni safi haombi mkaguzi afungiwe nje.

Siku moja dubu huyu atakabidhiwa kwenu, na kwa haki. Kabla ya siku hiyo nawaomba mkae tena, ninyi saba, mpige kura saba kwa sifuri kwa kasi ile ile ya 2018, kwa jimbo zima: kila pipa la taka nchi ya dubu lisifunguke kwa kucha, kila banda la kuku liwe na waya wa umeme, kila mzoga wa ng'ombe uondolewe kabla haujanuka, na mfugaji alipwe kabla hajaulizia mara ya pili. Halafu leteni tena habari za leseni, tuzungumze.

Wenu katika ujenzi wa taifa, ingawa si hili letu,

Mwombaji asiye na leseni