Mnandi Hana Adabu

Mtu wa Lukole akiaga kwamba anakwenda kutazama ndege wa majini, huulizwa kwanza kama ameachishwa kazi. Huku Ngara tuna milima, migomba na foleni ya ndoo. Enzi za kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, foleni hiyo ilikuwa serikali kamili, yenye wazee wake na kesi zake. Maji ya kutosha kuzunguka kisiwa tuliyasikia kwa watu wa Chato.

Ndiko nilikodandia mtumbwi wa injini unaopita jirani na Rubondo, kisiwa ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Ziwa Victoria lina mawimbi ya kweli, jamani! Chai yangu ya asubuhi ilishuka majini kabla hatujaona hata bata. "Pole, Mwalimu," nahodha akasema, "sasa umewaita." Kweli, shakwe wakaja mbiombio. Miongoni mwa shakwe wa ziwa hili, wapo wenye mgongo mweusi wanaotoka Ufini wakikimbia baridi. Wamevuka bara zima bila begi, wala hakuna aliyetapika.

Lakini mimi nilimfuata mnandi. Manyoya yake hayazuii maji kama ya bata, kwa hiyo akitoka kupiga mbizi husimama juani ametandaza mabawa kama shuka kwenye kamba. Tulikuta kundi zima limejaa juu ya mwamba mmoja mweupe. Miamba mingine yote ilikuwa ya kijivu, na hakuna aliyenieleza sababu. Nahodha, kwa ukarimu, akasogeza mtumbwi chini yao ili nione vizuri. Niliona vizuri sana, kwa jicho moja; la pili lilikuwa limeshazibwa.

Nikiwa nimeinama najipangusa kwa kitambaa cha kuazima, furukombe akashuka mbele yetu, akanyakua samaki na kupaa naye. Wote walimwona. Wakashangilia, wakaelezana ukubwa wa samaki, na kila aliyesimulia alimwongezea kilo. Mama mmoja aliyekalia gunia lake la dagaa akanitazama kwa huruma: "Mwalimu, kwani huko Lukole hamna kuku?"

Wapo, mama. Tena wana staha.

Msomaji, ukienda, mtazame mnandi kwa mbali, ukiwa upande upepo unakotokea, na uvae kofia pana. Sabuni utaipata Muganza. Nauli hairudishwi.