Chai Haina Maziwa

Bado masikio yananiwaka. Msichana wa kidato cha pili amesimama mbele ya darasa zima hapa Mosocho, karatasi yangu mkononi, akasoma kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Chai haina maziwa!" Mlangoni alikuwa mama mpishi na birika lake.

Karatasi ile haikuwa ya kusomwa. Nilikuwa nimemwandikia mwenzangu tuliyekuja naye kufundisha warsha ya usimbaji likizo hii ya Agosti, na niliandika kwa siri kamili: FKDL KDLQD PDCLZD. Mtu mwenye adabu akiokota kitu kama hicho hukitupa.

Njia yenyewe ni ya Julius Caesar. Kila herufi inasogezwa hatua tatu mbele: A inakuwa D, B inakuwa E, na Z, ikikosa pa kwenda, inazunguka hadi C. Kama ilimtosha jemadari wa Roma, mimi ni nani niikatae? Ila Caesar hakuwa akiandika Kiswahili. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo mdukuzi hahitaji hata kuanza mwanzo; anatazama mwisho wa kila neno na irabu zimejianika zenyewe. Kisha anahesabu. D ziko tano katika herufi kumi na tano! Na herufi gani hujazana hivyo katika Kiswahili kama si A? Basi D ni A, hatua ni tatu, yaliyobaki ni kurudi nyuma kwa vidole. Al-Kindi aliieleza mbinu hii ya kuhesabu herufi kule Baghdad katika karne ya 9, na aliyeileta Mosocho asubuhi ile ile, kwa bidii na chaki mbili, ni mimi.

Tena chai kweli haikuwa na maziwa. Kisii, penye majani chai na ng'ombe kila ukigeuka! Mama mpishi alinitazama kwa upole unaoumiza. "Mwalimu, si ungeniambia tu?" Tangu hapo kikombe changu huja strungi, na cha mwenzangu kina utandu wa maziwa juu.

Siku ya kompyuta, maabara ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikwenda mazishini pamoja na mwenyewe. Tulichungulia dirishani tukaziona kompyuta zimefunikwa vitambaa vya kufumwa, kama makochi ya wageni wasiofika. Hapo kicheko kilinitoka. Msichana yule yule alikuwa ameniuliza kwa nini ni rahisi kuzidisha namba tasa mbili kubwa na ni taabu kuzitenganisha tena, swali ambalo Rivest, Shamir na Adleman walilijengea mfumo mzima wa usimbaji mwaka 1977. Sasa amesimama kwenye majani mabichi akitazama vitambaa. "Mwalimu, haya hutoka kwenye KCSE?" Nikamwambia hapana. Akafunga daftari. Simlaumu. Tangu darasa la kwanza ameambiwa kwamba kisichotahiniwa si elimu, na wanaomwambia hivyo ndio wanaokaa na funguo.

Siku ya namba tasa umeme ulipotea nikiwa kwenye 61 mara 53.

Jioni ya mwisho wavulana wa nyuma walinikabidhi ujumbe wa siri, wakasema ni zawadi. Niliuvunja usiku ule, hatua saba, nikifurahi peke yangu kitandani, mpaka nilipoona nilichopata: Ekegusii kitupu, lugha ya kwao. Wanamaji wa Marekani walifanya hivyo hivyo kwa Kinavajo katika Vita vya Pili vya Dunia, na Wajapani hawakufua dafu. Sembuse mimi ninayejua "mbuya mono" na kuishia hapo. Kila ninayemwonyesha husoma, hucheka, hunirudishia. Bodaboda aliyenipeleka Kisii mjini alicheka nusura tuingie mtaroni, kisha akanifariji kwamba ni maneno ya watoto tu, na nauli, kwa leo, angenipunguzia.