Namna ya Kufundisha Ufundi Chuma Bila Kuchafua Karakana

Hongera, mkuu wa shule. Tangu mkondo wa amali uanze katika sekondari za Tanzania Januari 2024, wazazi wanaulizia karakana, nawe unayo. Kazi iliyobaki ni kuilinda dhidi ya adui yake mkubwa: mwanafunzi.

1. Tanguliza kufuli. Jiliwa, tupa na mashine ya kukereza ni mali ya umma, na mali ya umma hukaguliwa. Mkaguzi atauliza zipo ngapi. Nani anajua kuzitumia si swali lake. Kifaa kisichoguswa hakipotei wala hakivunjiki. Ufunguo akae nao mtunza stoo, yule ambaye kila siku ya vitendo huwa amefiwa.

2. Tupa ifundishwe ubaoni. Chora meno na mpini, kisha andika: "Tupa hukata inaposukumwa mbele." Wanakili na wapigie mstari. Usithubutu kuwapa kipande cha chuma bapa wajaribu. Mikono itayumba, kingo zitalika, katikati kitabaki kilima. Wakiweka skwea juu yake, mwanga utapenya pembeni, nao watataka kurudia hadi uzibe. Ukiwaruhusu, vipindi vitaisha na mada zitabaki.

3. Kuchomelea kuwe kwa nadharia. Mwanafunzi akishika rodi kwa mara ya kwanza itaganda kwenye chuma. Akiiachia ikae mno, itatoboa bati. Hapo ndipo mkono unapoanza kuujua umbali, na ndipo bajeti yako inapoanza kuugua. Rodi huisha, daftari la mzazi halikugharimu chochote. Kinyago cha kukinga macho nacho usinunue: pasipo cheche hapana hatari. Kwa usalama, shule yako haina mpinzani.

4. Jiandae kwa mgeni rasmi. Siku ya maonyesho fungua kufuli, pangusa vumbi, weka mezani kizoleo cha taka kilichonunuliwa kwa mafundi wa mtaani Gerezani, Dar es Salaam. Hakikisha fundi amekunja vizuri kingo za bati, zisije zikamkata mheshimiwa vidole, na rangi iwe imekauka. Bandika jina la mwanafunzi aliyeongoza mtihani wa nadharia. Mgeni akianza kuuliza, "Hapa kwenye kona mmekunjaje?", mwalimu wa zamu aongoze makofi.

5. Mhitimu mwelekeze vizuri. Akija na cheti kuuliza aanzie wapi, mwelekeze hukohuko Gerezani. Atapokewa na kijana wa rika lake aliyeishia darasa la saba, atafagia, atashikilia bomba wenzake wakikata, kisha siku moja atapewa tupa na chuma chakavu aharibu mpaka apatie. Wale hawana kufuli.

Akishaiva, mwagize vizoleo vya maonyesho ya mwakani. Hapo utaweza kumwambia mgeni rasmi, bila chembe ya uongo, kwamba vimetengenezwa na mwanafunzi wako.